Miaka ya Kuishi Kaskazini Mashariki

Mwaka 2014 Kenya ilifanya utafiti mkubwa wa afya ya jamii, nyumba kwa nyumba, kaunti zote 47. Matokeo yalipotoka yalikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Katika Nyanza, penye mvua, ziwa na hospitali za misheni za tangu enzi za mkoloni, watoto 82 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, idadi hiyo ilikuwa 44, chini ya wastani wa taifa wa 52.

Lakini hesabu za vifo vya uzazi zilisema mengine kabisa. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yaliipa Mandera vifo 3,795 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, wakati wastani wa nchi ulikuwa 495. Wataalamu wameibishania idadi hiyo, na wana haki, kwa sababu matokeo ya sensa hiyo katika wilaya kadhaa za kaskazini yalifutwa na serikali yenyewe. Ikaja sensa ya 2019, na hoja ikabaki palepale. Safari hii Garissa ndiyo iliyokuwa juu ya orodha kwa vifo 641, na Nyeri chini kabisa kwa 67. Mwanamke anayejifungua Garissa alikuwa katika hatari karibu mara kumi kuliko mwenzake wa Nyeri, chini ya bendera moja na Katiba moja.

Basi eneo hilohilo linawabakiza watoto wake hai na kuwapoteza mama zao. Anayetaka kujua ni nini hasa huamua watu wataishi muda gani hana budi kulitazama fumbo hili kwa makini, na kulitazama huko ni kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Waingereza walipoitwaa nchi ya kaskazini mwa mto Tana hawakuwa na haja nayo isipokuwa kama ukuta. Upande wa pili kulikuwa na Waitaliano na Wahabeshi, na ukuta hauhitaji shule wala hospitali. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 ilimpa mkuu wa utawala wa kikoloni mamlaka ya kuzifunga wilaya, na wilaya ya mpaka wa kaskazini, iliyojulikana kwa herufi za NFD, ikafungwa. Mgeni hakuingia bila kibali, na mwenyeji hakutoka bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine iliongeza adhabu za pamoja: mtu mmoja akikosa, mifugo ya ukoo mzima inachukuliwa. Mfugaji wa Kisomali, Mborana au Mrendille alionana na serikali kwa sura mbili, askari na mkusanya kodi. Mganga wa serikali alikuwa mmoja mmoja katika maboma, naye alimtibu kwanza askari.

Wakati huohuo nyanda za juu zilikuwa zikijengewa reli, barabara, misheni na zahanati. Pengo hili lilichimbwa kwa makusudi, kwa karatasi zilizotiwa sahihi. Uhuru ulipobisha hodi, tume iliyotumwa na Waingereza mwaka 1962 iliona kwamba sehemu kubwa ya wakazi wa NFD walitaka kuungana na Somalia. Hawakusikilizwa. Tarehe 28 Desemba 1963, Kenya ikiwa na umri wa siku 16, serikali ya Jomo Kenyatta ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na vita vilivyoitwa vya shifta, yaani majambazi, vikaanza rasmi.

Vita hivyo ni sehemu ya historia ya afya kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia 1966 jeshi liliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa, vikaitwa manyatta. Aliyekutwa nje ya ua alihesabiwa kuwa shifta. Ngamia na ng'ombe hawawezi kukaa mahali pamoja bila kuhama: malisho huisha kwa wiki chache, na kisima hakitoshi. Maelfu ya mifugo walikufa kwa njaa ndani ya ua, wengine walipigwa risasi, wengine walichukuliwa. Aliyekuwa na ngamia hamsini alibaki na foleni ya posho. Vita vikamalizika kwa makubaliano ya Arusha Oktoba 1967, chini ya upatanishi wa Kenneth Kaunda, lakini ngamia hawakurudi, na sheria za hali ya hatari hazikufutwa hadi 1991. Kwa miaka 28 mkoa mzima uliishi chini ya sheria ambayo sehemu kubwa ya nchi haikuijua.

Kuna karatasi nyingine, na kwa maoni yangu hii iliua watu wengi kuliko bunduki. Ni Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliotayarishwa chini ya wizara ya Tom Mboya. Ndani yake serikali ilieleza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapoleta mavuno makubwa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme tayari, penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ya huko ndiyo ingesambaa baadaye kwingine. Kwa mwanauchumi wa wakati ule ilisikika kama busara. Kwa Wajir ilikuwa na maana kwamba aliyenyimwa na mkoloni ataendelea kunyimwa, kwa sababu alinyimwa.

Sasa tufike Wajir yenyewe. Mji huo umekaa juu ya mwamba wa chokaa, na maji yake yako karibu mno na uso wa ardhi. Ndiyo neema iliyowavuta ngamia tangu kale. Ndiyo pia balaa yake: ukichimba choo cha shimo, unachimba ndani ya maji yaleyale unayokunywa. Kwa miongo mingi watu wa mji walitumia ndoo. Ndoo inawekwa chini ya kibao cha choo, mzoaji anapita usiku au alfajiri, anaichukua na kuimwaga nje ya mji. Asipopita, inafurika. Mvua ikinyesha, kilichomwagwa kinarudi visimani. Kipindupindu kimerudi Wajir mara nyingi, na kila mara kinatibiwa kwa chumvi na maji ya dripu, wakati ugonjwa wenyewe ni wa mabomba yasiyokuwepo.

Ni katika mji huo ambapo mwaka 1970 alifika mwanamke wa Kiitaliano, Annalena Tonelli, mzaliwa wa Forlì, aliyesomea sheria. Alikuja kama mwalimu, hakuwa daktari. Aliwakuta wagonjwa wa kifua kikuu wakikohoa damu na kufa, na wakati huo dawa za kuponya zilikuwa tayari ziko duniani.

Hapa inafaa nieleze kidogo, kwa sababu kuna mjadala mashuhuri kuhusu ugonjwa huu. Thomas McKeown, mwanahistoria wa tiba wa Uingereza, alionyesha kwamba vifo vya kifua kikuu nchini mwake vilikuwa vimeshuka sana kabla dawa ya kwanza, streptomisini, haijaanza kutumika miaka ya 1940. Kwa maoni yake kilichowaokoa Waingereza kilikuwa chakula bora zaidi kuliko daktari. Wengi wamempinga katika undani wa hoja, lakini kiini chake kimesimama: afya ya umma hutengenezwa nje ya hospitali. Wajir ya 1970 ilikuwa na upande wa pili wa shilingi hiyo. Watu walikuwa wamepoteza mifugo yao, yaani chakula chao, miaka mitatu tu nyuma. Walikuwa wamesongamana katika vijiji na kando ya miji. Na dawa, ambayo sasa ipo, ilihitaji mgonjwa aimeze kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila kukosa. Mfugaji gani atakaa mwaka na nusu kitandani huku ngamia wake wanahama? Akijisikia nafuu baada ya miezi miwili anaondoka, ugonjwa unarudi, na safari hii hausikii dawa tena.

Mapema miaka hiyo ya 1970, watafiti wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walikuwa wakifanya majaribio nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walithibitisha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, rifampisini ikiwemo, miezi sita inatosha. Ugunduzi huu wa kupunguza muda wa tiba ulitokana na wagonjwa wetu wenyewe, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji wa kuhamahama kwa tiba hiyo fupi.

Alichofanya kilikuwa rahisi kukieleza. Mbele ya kituo cha walemavu alichokuwa akifanyia kazi palikuwa na uwanja wa mchanga. Mgonjwa alikuja na jamaa zake, na miti na mikeka ya nyumba juu ya ngamia, wakajenga herio, yaani nyumba yao, hapo uwanjani kama wanavyojenga popote wanapotua. Hakulazwa wodini. Kila siku alikwenda kumeza dawa mbele ya macho ya mhudumu, akionwa akimeza. Mtoto aliyekuja naye alifundishwa kusoma. Miezi sita ikiisha, nyumba inavunjwa, inafungwa juu ya ngamia, na familia inaondoka na mtu aliyepona. Mtindo huo wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa akiangaliwa ni miongoni mwa mizizi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kwa dunia nzima miaka ya 1990.

Uwanja huo ukaitwa manyatta, neno lilelile la jeshi. Miaka kumi kabla, ua ulikuwa wa kuwafungia watu humo mpaka mifugo yao ife. Sasa uwanja ulikuwa wa mtu kukaa kwa hiari yake, akijua siku ya kuondoka. Naamini tofauti hiyo ndiyo iliyofanya tiba ifaulu: mfumo ulijipinda kumfuata mfugaji, haukumtaka mfugaji awe mkazi wa mji ndipo apone.

Kazi hiyo ya Wajir haikudumu. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakakaa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliikataa hesabu hiyo na kusema waliokufa walikaribia elfu moja au zaidi. Tonelli alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokota majeruhi na kuzika maiti, na kwa sababu alisema aliyoyaona, hakuruhusiwa kuendelea kukaa Kenya. Aliendelea na kazi ya kifua kikuu Somalia, hadi tarehe 5 Oktoba 2003 alipopigwa risasi huko Borama.

Turudi kwenye fumbo la watoto. Mbona wachache zaidi walikufa huku, penye zahanati chache, kuliko Nyanza? Magonjwa mawili yaliyokuwa yakiwaua watoto wa Nyanza ni malaria ya mwaka mzima na Ukimwi unaotoka kwa mama. Mwaka 2014 maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima yalikadiriwa kuwa 25.7% Homa Bay, na 0.2% Wajir. Karibu wanaume wote wa Kaskazini Mashariki hutahiriwa, na majaribio ya Kisumu, yaliyokamilika 2006, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa. Dini, ukoo na umbali wenyewe uliowanyima barabara viliwakinga pia. Ukame humnyima mbu dimbwi la kutagia. Na mtoto wa mfugaji, mwaka wa mvua nzuri, hunywa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, yenye protini na vitamini C ambavyo mtoto wa uji mtupu havipati.

Nasema mwaka wa mvua nzuri. Kinga hiyo yote imefungwa kwenye chuchu ya ngamia. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa katika kaunti kame za Kenya, na watu milioni 4.4 wakahitaji msaada wa chakula. Maziwa yalipokauka, utapiamlo mkali wa watoto katika sehemu za kaunti hizi ulipita kiwango cha 15% ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa dharura. Daktari bingwa wa watoto angefanya nini hapo ambacho mvua au fedha mkononi mwa mama zisingefanya mapema zaidi?

Na mvua ikizidi nayo huua. Mwishoni mwa 1997 El Niño iligeuza mbuga za Garissa kuwa bahari. Mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala udongoni miaka mingi, mengine yakiwa na virusi ndani, yaliangua. Mbuzi na kondoo wakaanza kuharibu mimba kwa pamoja, kisha watu wakaanza kutokwa damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza karibu na ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watafiti walikadiria baadaye kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee. Mapema 1998 malaria nayo ikalipuka Wajir, kwa watu wasio na kinga yake. Homa ya Bonde la Ufa ilirudi Garissa mwishoni mwa 2006. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Wafugaji wa Kisomali waliiita sandik, na walipohojiwa na watafiti ilionekana walikuwa wamezitambua dalili zake, mvua isiyo ya kawaida, mawingu ya mbu, mifugo kutokwa damu puani, kabla ya ofisi za mifugo na afya kuchukua hatua. Taarifa ilikuwepo porini, ila hakukuwa na mtu wa kuipokea. Ofisi zilipoamka, soko la mifugo la Garissa lilifungwa, na familia zikapoteza kipato kilichobaki.

Fumbo la mama sasa halina ugumu. Mtoto huokolewa na maziwa, hewa kavu na kutokuwepo kwa virusi. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana maziwa yatakayomwokoa. Ana saa mbili hivi. Anahitaji mkunga aliyesomea, dawa ya kukaza kizazi, chupa ya damu ya kundi lake, na chumba cha upasuaji chenye umeme. Vyote hivyo ni vitu vya barabara na bajeti, na vyote ndivyo vilivyonyimwa tangu 1902 na 1965. Mandera iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi, na kaskazini mwa Garissa barabara kuu kwa miongo yote hiyo ilikuwa mchanga kiangazi na tope masika. Mama aliyekwama kujifungua katika bula ya mbali, yaani kijiji cha wafugaji, alipandishwa mkokoteni wa punda au nyuma ya lori la mifugo. Serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013, hatua njema kabisa, lakini ada haikuwa ndiyo inayomzuia mwanamke aliye kilomita 80 kutoka kwenye lango la hospitali.

Wala si yote ya kuilaumu Nairobi. Utafiti wa 2014 ulikuta karibu 98% ya wanawake wa Kaskazini Mashariki wamekeketwa, baadhi yao kwa namna nzito ya kushonwa. Shirika la Afya Duniani lilishaonyesha mwaka 2006, kwa wanawake wa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, kwamba ukeketaji huongeza kutokwa damu, upasuaji wa kujifungua na vifo vya vichanga. Sheria ya kuupiga marufuku imekuwepo tangu 2011. Wanawake na masheikh wa Garissa wanaosimama hadharani kusema kwamba jambo hili si la dini wanaokoa maisha kama mkunga anavyookoa, na wanastahili kuungwa mkono kuliko wanavyoungwa.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya afya, na kifungu cha 204 kikaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Ni kukiri kosa kwa maandishi. Lakini fedha za hazina hiyo zimecheleweshwa miaka na miaka. Na ugatuzi ulipoanza 2013, haukupata hata mwaka wa kupumua. Mei 2013 polio ilitokea karibu na Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi zilizojengewa watu 90,000 na zilizokuwa zimebeba zaidi ya 400,000 wakati wa njaa ya 2011. Watu 14 walipooza. Novemba 2014 wanamgambo wa al-Shabaab walishusha abiria kwenye basi lililotoka Mandera wakawaua 28, wengi walimu. Aprili 2015 waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wauguzi na madaktari kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na vituo vikabaki na milango iliyofungwa. Serikali ikaleta madaktari wa Cuba, na Aprili 2019 wawili kati yao wakatekwa nyara Mandera wakiwa njiani kwenda kazini.

Hata hivyo mambo yamesogea. Utafiti wa 2022 ulikuta 55% ya wanawake wa Mandera wanasaidiwa na mhudumu aliyesomea wakati wa kujifungua. Ni miongoni mwa idadi za chini kabisa nchini, ambako wastani ulikuwa 89%, lakini ni mbali sana na enzi za mkunga wa jadi peke yake. Ujenzi wa barabara kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera unaendelea, kwa mkopo ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020. Utafiti huohuo ulikuwa na habari mbaya: watoto wa Garissa waliopata chanjo zote za msingi walikuwa 23%, na wa Vihiga 96%. Bahati ya ukame na umbali haitamlinda mtoto dhidi ya surua siku itakapoingia kambini au bulani.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika kaunti hizi tatu. Kila Juni, wawakilishi wao katika mabunge ya kaunti hupitisha bajeti. Mpiga kura wa Dadaab, Habaswein au Elwak ana haki ya kumuuliza mwakilishi wake mambo matatu kabla ya lami ya mbele ya ofisi ya gavana: ni kituo gani karibu naye kitakachokuwa na damu na chumba cha upasuaji usiku na mchana, ni timu ngapi za chanjo zitakazofuata ngamia malishoni badala ya kuwangoja mjini, na ni lini vijana wa humo humo watakaosomea uuguzi katika chuo cha Garissa wataajiriwa wabaki kwao. Uliza, na udai jibu kwa maandishi.